Gari haiwaki? Isikilize kwanza kabla hujanunua betri

Gari ikigoma asubuhi wengi wetu tunakimbilia betri, anaitwa fundi nae anasema betri, hela inatoka, afu wiki ijayo gari inagoma vilevile. Inauma sana kuona mtu anatupa betri nzima kwa sababu ya terminali (kile kishikio cha waya kinachobana kwenye betri) iliyolegea. Gari isiyowaka ina magonjwa mawili tofauti: kuna ile ambayo ukipiga stata injini haizunguki au inazunguka kwa kujivuta, na kuna ile inazunguka vizuri kabisa ila haishiki. Ujue kwanza yako ni ipi. Kama injini inazunguka kwa spidi yake ya kila siku, betri iache ilivyo, tatizo liko kwingine.

Naongelea zaidi hizi gari zetu za petroli zilizojaa Bongo, IST, Vitz, Premio na wenzao, automatiki.

Tuanze na isiyozunguka. Washa taa kubwa za mbele, mwambie mtu azitazame, afu piga stata. Taa zikififia karibu kuzima na unasikia tatatata ya haraka, umeme haufiki wa kutosha, hapo ndio betri au terminali, na mimi siku zote naanza na terminali kwa sababu kuikagua ni bure. Ishike terminali ujaribu kuizungusha kwa mkono, ikicheza hata kidogo tu basi usiende mbali. Ukiona ungaunga mweupe au wa kijani, zima gari, chukua spana namba 10, fungua hasi kwanza ndio ufungue chanya, mwagia maji ya moto kidogo kidogo, futa pakauke, afu piga msasa ndani ya terminali na kwenye kichwa cha betri mpaka risasi ing'ae. Kurudisha unaanza na chanya, hasi mwisho. Huo mpangilio usiuchezee, maana ukifungua chanya wakati hasi bado imefungwa na spana ikagusa bodi, unapiga shoti ya nguvu. Na ule unga usiushike kwa mikono mitupu, una asidi.

Ukiwa na multimita, kile kifaa cha kupimia volti, kazi inakuwa nyepesi. Betri iliyolala usiku kucha ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.2 iko kama nusu, chini ya 12 imeishiwa. Mtu akipiga stata angalia tena, ikishuka chini ya 9.6 wakati ilikuwa imejaa, hiyo betri kweli imechoka. Ila kama uliacha taa ya ndani inawaka usiku kucha, betri imeishiwa chaji tu, ichajiwe kwanza ndio uihukumu.

Kubusti kwa gari ya jirani: waya nyekundu kwenye chanya ya betri yako, mwisho wake mwingine chanya ya jirani, nyeusi kwenye hasi ya jirani, na mwisho wa mwisho wa nyeusi ufunge kwenye chuma kitupu cha injini yako, sio kwenye betri, kwa sababu pale huwa panatoka cheche na betri inatoa gesi inayoshika moto. Acha ya jirani iungurume dakika chache ndio upige.

Sasa kama taa zimebaki kali afu unasikia "tak" moja nzito na kimya, mshukiwa mkubwa ni stata. Kwenye stata za Toyota mara nyingi ni vile vipande vya shaba vya ndani vimelika, fundi rewaya (fundi umeme wa magari) anabadilisha vipande tu bila kununua stata nzima, kwaiyo muulize hilo kabla hamjaongea bei. Taa kali na hakuna hata tak? Weka gia kwenye N ujaribu, kanyaga breki, maana swichi ya gia ikichoka P inakataa na N inakubali. Afu angalia fyuzi na rilei (swichi ndogo ya umeme) ya stata.

Upande wa pili, injini inazunguka ila haishiki. Usiiamini geji ya mafuta, weka hata lita 5 kwanza. Tazama dashibodi, taa ya ufunguo ikimetameta wakati switchi iko ON gari haijautambua ufunguo wako, jaribu wa akiba. Pampu ya mafuta wengi wanaisikiliza kwa kuweka ON bila kupiga stata, lakini Toyota nyingi pampu haianzi mpaka injini izungushwe, kwaiyo ukimya sio ushahidi, mtu asikilize kwenye tenki wakati wewe unapiga. Ukisikia harufu kali ya petroli, injini imemeza mafuta mengi, kanyaga mafuta mpaka chini, shikilia, piga stata. Kila ukipiga isizidi sekunde 10, pumzisha, la sivyo unaiunguza stata yenyewe. Hapo ikigoma, kinachofuata ni plagi, koili na sensa ya kranki (inayoiambia kompyuta ya gari injini inavyozunguka), na hapo mashine ya kusoma kodi za hitilafu kwenye kompyuta hiyo ni lazima, usikubali kubadilishiwa kitu kwa kubahatisha.

Ila kuna hali moja usiguse stata kabisa: umepita kwenye maji, tuseme Jangwani pale Dar wakati wa masika, na gari ikazimia humohumo. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda hayagandamiziki, ukilazimisha konrodi (mkono wa chuma unaoshika pistoni) inapinda na injini imekwenda. Vuta gari, plagi zitolewe kwanza, maji yatoke.

Na ikishawaka usiizime haraka. Pima betri injini ikiwa inaunguruma, inatakiwa isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma 12 na kitu alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka, haichaji, hapo zima AC na redio, nyoosha moja kwa moja kwa fundi rewaya. Na usikubali mtu achomoe terminali ya betri gari ikiwa inaunguruma eti anapima alteneta, volti zinaruka juu ghafla na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, inaweza kuungua palepale.