Somo: Ukiona mkupuo wa hisa za teknolojia, soma hivi kabla ya kugusa pesa yako

Wiki hii nimeulizwa mara tatu swali lile lile: "Mwalimu, hisa laki nne za Nvidia, kampuni ya chipu za kompyuta, zimepita kwa mkupuo, wakubwa wanajua nini?" Tulimalize leo, maana swali hili linakula mitaji ya watu wanaojinyima ili wawekeze.

Kwanza kabisa: mkupuo ni hisa nyingi zinazouzwa kwa pigo moja, na kila mkupuo una muuzaji na mnunuzi. Skrini inakupa saa, idadi na bei. Nia ya mtu haimo.

Hatua ya 1: Saa. Masoko ya hisa ya New York hufungua saa 10:30 jioni kwa saa zetu na kufunga saa 5 usiku. Majira yao ya baridi, ongeza saa moja. Mkupuo mkubwa unaotokea pale pale kengele ya kufunga inapolia kwa kawaida ni mnada wa kufunga: oda za kununua na kuuza zimekusanywa, zikapita zote kwa bei moja. Ijumaa, Desemba 18, 2020, hisa zaidi ya milioni 200 za Tesla ziliuzwa na kununuliwa, kwa sababu Jumatatu yake kampuni ilikuwa inaingia S&P 500 na mifuko inayoifuata fahirisi hiyo, yaani orodha ya kampuni kubwa 500 za Marekani, ililazimika kuwa na hisa zake. Hapakuwa na siri yoyote.

Hatua ya 2: Ukubwa. Linganisha na hisa zinazouzwa kwa siku ya kawaida. Nvidia huuza mamia ya milioni kwa siku; laki nne ni kikombe cha maji ziwani. Kwa kampuni ndogo inayouza milioni moja kwa siku, laki nne ni habari.

Hatua ya 3: Bei. Hapa kaa, usiharakishe. Tuseme mnunuzi anatoa dola 118.48 na muuzaji anataka 118.52. Mkupuo ukipita kwa 118.50, katikati kabisa, huenda wawili wamepatana kwenye masoko ya pembeni yasiyoonyesha oda. Hauelekezi juu wala chini. Ukipita kwa 116, kuna mambo mawili. Huenda ni muamala wa bei ya wastani, yaani wastani wa bei za muda uliopita, ulioripotiwa baadaye, kwa hiyo angalia alama iliyo pembeni yake. Kama sivyo, kuna mtu amekubali punguzo ili atoke. Mwenye haraka ya namna hiyo ndiye wa kumwogopa.

Hatua ya 4: Subiri. Weka mstari kwenye bei ya mkupuo, uangalie nusu saa. Bei ikishuka hadi mstarini na kurudi juu mara mbili tatu, mzigo umepata wa kuubeba. Ikikatika chini na wauzaji wakiongezeka, kaa pembeni.

Maswali ya wanachama

*Mikupuo ikifuatana, yote ya kuuza kwa punguzo, si nafasi ya kununua rahisi?*

Hapana, ndugu yangu. Machi 26, 2021, benki zilimwaga mikupuo ya hisa za kampuni za Baidu, Tencent Music na ViacomCBS. ViacomCBS ilianguka zaidi ya asilimia 25 siku hiyo moja. Walioiona nafuu asubuhi hawakujua kwamba mfuko wa Archegos ulikuwa umekopa kupita kiasi na benki zinauza hisa zilizokuwa dhamana ya mkopo wake. Benki ya Credit Suisse peke yake ilipoteza takribani dola bilioni 5.5. Anayeuza kwa kulazimishwa haangalii bei, na huwezi kujua amebakiza kiasi gani.

*Bosi wa kampuni akiuza hisa zake, nami niuze?*

Soma fomu yake kwanza. Sheria ya Marekani inamtaka aripoti mauzo kwa fomu hiyo ndani ya siku mbili za kazi. Jensen Huang, bosi wa Nvidia, aliuza hisa za kampuni hiyo za zaidi ya dola milioni 700 kati ya Juni na Septemba 2024, lakini kwa mpango aliouweka tangu Machi. Kilichopangwa miezi mitatu kabla hakikuambii lolote kuhusu bei ya kesho.

*Shikamoo mwalimu. Naweza kujua ni nani aliyenunua?*

Marahaba. Siku ile ile, hapana. Mifuko mikubwa ya Marekani ina hadi siku 45 baada ya robo mwaka kuisha kuonyesha hisa ilizokuwa inashikilia robo ilipoisha, na hapo unaona ilichobaki nacho tu, si mkupuo ule uliouona. Anayekuuzia "majina ya wakubwa" ya leo kwenye simu, usimlipe.