Kuseti dishi kwa kutumia jua, kwa sisi wa Tanga

Naanza na aibu yangu ili mjue huu ujuzi nimeununua kwa hela. Ilikuwa mwezi wa tisa, saa sita na nusu mchana, TV ikaanza kukatakata, picha vipande vipande halafu kioo cheusi, hakuna siginali. Mvua hakuna, upepo hakuna, jua linawaka Ngamiani nzima. Kuna fundi alikuwa kijiweni hapo nje, nikamwita, akapanda, akachomoa LNB, kile kichwa kidogo kinachokaa mbele ya dishi kupokea mawimbi, akaitikisa sikioni kama mama anayechagua nazi soko la Mgandini, akasema hii imekufa mgosi. Nikatoa hela, akafunga mpya, na kweli saa saba kasorobo picha safiii, fundi akaondoka na shukrani zangu zote. Kesho yake saa sita na nusu ileile, imekata tena. Na LNB mpya. Mke wangu hakusema neno, aliniangalia tu.

Ile LNB "iliyokufa" ilikuwa nzima, ninayo mpaka leo kwenye kopo la misumari. Kilichotokea ni kwamba jua lilikuwa linapita nyuma ya setilaiti.

Iko hivi. Setilaiti za TV zimekaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, na kwa umbali huo zinazunguka kwa mwendo uleule wa dunia kwa hiyo kwako wewe zinaonekana zimeganda sehemu moja, ndo maana ukishaseti dishi hulizungushi tena. Sasa jua nalo linakatiza ikweta mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na wa tisa. Sisi Tanga tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta, kwa hiyo tunaiona setilaiti imeegemea kaskazini kidogo, na jua linakuja kukaa nyuma yake sawasawa kama tarehe 23 mwezi wa tatu na tarehe 20 mwezi wa tisa hivi. Jua halitoi mwanga tu, linatoa na mawimbi ya redio, na transponda moja ya setilaiti, yaani mtambo wake wa kurusha matangazo, ina wati mia na kitu, kama globu ya zamani, iko kilomita elfu thelathini na sita. Ni kama mtu anakunong'oneza huku nyuma yake kuna tarumbeta la harusi. Inakata dakika chache, siku kadhaa mfululizo, halafu inaisha yenyewe. Usiite fundi.

Nikakaa nikawaza, kama jua linaniharibia TV kwa sababu limesimama palepale ilipo setilaiti, basi siku hizo jua ndo linanionyesha dishi liangalie wapi. Bure kabisa, bila ile mashine ya kutafuta siginali ambayo mafundi wanaibana kwapani kama siri ya ukoo.

Kwanza fahamu setilaiti yako iko nyuzi ngapi mashariki, yaani imekaa wapi kwenye mstari wa ikweta, fungua mipangilio ya king'amuzi utaiona. Mifano miwili: iliyoko nyuzi 36 mashariki, hapa Tanga iko karibu utosini kabisa, nyuzi 83 kutoka chini, imeegemea kaskazini magharibi. Jua linafika hapo kwenye saa sita na nusu mwezi wa tisa, na mwezi wa tatu linachelewa kama robo saa. Iliyoko nyuzi 68.5 mashariki ni ya asubuhi, saa nne hivi, mwezi wa tatu saa nne na dakika kumi, unaikuta upande wa mashariki nyuzi 55 kwenda juu.

Siku mbili tatu kabla, muda huohuo, nenda pale unapotaka kufunga ukaangalie kivuli. Tu. Kama kivuli cha mwembe wa jirani kinaangukia pale basi mwembe umeziba setilaiti, hamisha nguzo, usianze ugomvi. Mimi niligundua mnazi ambao nilikuwa naulaumu miaka miwili hauna kosa lolote, kosa lilikuwa la tangi la maji.

Siku yenyewe simamisha nguzo iwe wima, pima na timazi, hapa usifanye uvivu maana nguzo ikilala vipimo vyote uongo. Funga dishi lakini nati ziache zicheze kidogo. Kama ni lile kubwa la duara la futi sita, LNB imekaa katikati, basi sogeza mpaka kivuli cha LNB kiangukie katikati ya dishi, umemaliza. Kama ni haya madogo yenye umbo la yai usitafute kivuli, LNB yake imekaa chini pembeni. Mwagia kikombe cha maji dishi liloe, litameremeta, halafu sogeza mpaka ule mng'ao upige usoni mwa LNB. Utauona kabisa, uso wa LNB unang'aa kama umewashiwa tochi. Kaza nati. Usilitazame jua lenyewe tafadhali, na mkono usiuache muda mrefu mbele ya LNB maana dishi linakusanya na joto pia.

Dishi la yai litaonekana limesimama kuliko ulivyotegemea, usishtuke, limetengenezwa hivyo. Lile la futi sita kwa setilaiti ya utosini linalala chali kama sinia la pilau, mvua ya masika ikija linajaa maji, kunguru wanaoga humo, kwa hiyo toboa tundu dogo kitakoni.

Subiri nusu saa jua lipishe ndo uwashe king'amuzi. Utakuta mistari miwili, nguvu na ubora. Wa nguvu ni muongo, unapanda hata dishi likiangalia ukuta. Fuata wa ubora. Mtu mmoja akae ndani apige kelele "bado, bado, rudi, hapohapo!", wewe nje unasogeza kidogo kidogo, halafu zungusha shingo ya LNB kushoto kulia mpaka ubora uache kupanda.

Nje ya tarehe hizo tumia dira ya simu, ila simama mbali na mabati maana yanaichanganya. Kwa ile ya nyuzi 36 dira ikikosea nyuzi kumi wala si kesi, iko juu sana kwa hiyo unapotea kidogo tu. Kwa ile ya 68.5 ukikosea nyuzi kumi umeshahama setilaiti.

Cha mwisho ni chumvi. Huku kwetu upepo wa bahari unakula konekta kuliko panya. Pale waya unapoingia LNB paka grisi, zungushia tepu, na waya uache uning'inie kidogo chini ya konekta ili maji yadondoke yasiingie.

Mimi langu limetulia sasa, mwezi wa tisa likikata nakunywa chai nasubiri. Kinachonishinda ni mechi za Coastal Union pale Mkwakwani. Safari ya kwenda setilaiti na kurudi ni kama robo sekunde, ukijumlisha na mitambo inavyoibana picha na king'amuzi kinavyoifungua zinafika sekunde kadhaa, kwa hiyo nasikia mtaa mzima umelipuka kwa kelele, na kwenye TV yangu mpira ndo kwanza unapigwa kona.