Kumfundisha poti mtoto ambaye bado haongei

Mama akiniletea mtoto wa miaka miwili, mkoba umejaa pampasi, huwa namuuliza poti ataanza lini. Jibu ni lilelile: "Akishaanza kuongea." Nalea watoto nyumbani kwangu Tabata, sita hadi wanane kwa siku, huu mwaka wa 11, na wengi walioacha pampasi mikononi mwangu walikuwa hawajui hata kusema "maji". Kazi ya mtoto ni kuonyesha. Kazi ya kuona ni yako.

Wala si jambo geni huku kwetu. Mwaka 1977 watafiti Marten na Rachel deVries waliandika juu ya kina mama wa Kidigo, pwani ya Kenya, wanaoanza kumkojoza mtoto tangu wiki za mwanzo: anapakatwa katikati ya miguu, mama anatoa sauti ya "shuu", akikojoa anafurahiwa. Kufikia miezi 5 au 6 watoto wale walikuwa wakavu, mchana na usiku. Mtoto wa miezi 5 ana neno gani? Sisemi turudi huko. Ukitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, hutaweza. Ila sauti ile ya "shuu" naitumia mpaka leo.

Hatua ya 1: Angalia mwili, achana na mdomo

Wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka 3. Anakaa mkavu kama saa mbili, au anaamka mchana pampasi ikiwa kavu. Anatembea vizuri, anachuchumaa na kuinuka mwenyewe. Ukimwambia "lete kiatu", analeta. Hicho kiatu ndicho mtihani wangu: akielewa kiatu, ataelewa poti.

Kama hageuki akiitwa, haonyeshi vitu kwa kidole na haelewi hata maagizo madogo, hapo poti isubiri. Mpeleke kliniki wampime masikio na makuzi yake. Jirani atakwambia haongei kwa sababu ana udata, yaani ulimi umeshikwa chini, akatwe. Mshukuru, kisha nenda kliniki.

Usianze wiki ya kuhama nyumba, wala mdogo wake akiwa ndiyo kwanza amezaliwa, wala dada wa kazi akiwa ameondoka jana. Na kwa sisi wa Dar, usianze katikati ya masika. Utafua chupi kumi kwa siku na hakuna hata moja itakayokauka.

Hatua ya 2: Siku tatu za kumsoma

Hapa ndipo watu huruka, na hapa ndipo penye kazi yote. Kwa siku tatu usimkalishe popote. Mwangalie tu, na kila akikojoa au kunya andika saa kwenye karatasi, ibandike ukutani. Andika pia alikuwa anafanya nini dakika moja kabla.

Nilikuwa na kijana wa miaka miwili na miezi mitatu, tukimwita Babu kwa jinsi alivyotembea mikono nyuma. Maneno yake yalikuwa matatu, na moja lilikuwa la paka. Kila asubuhi baada ya uji alikuwa anaingia nyuma ya pazia la sebuleni. Mimi nikidhani anacheza kombolela, namwita "Babu uko wapiii", wenzake wanacheka. Siku ya tatu nikasoma karatasi yangu: saa tatu kasorobo, pazia, saa tatu kasorobo, pazia, saa tatu kasoro dakika kumi, pazia. Nikainama nikachungulia chini. Alikuwa ameng'ang'ania pindo la pazia kwa mikono miwili, magoti yamekunjika kidogo, macho yameganda anatazama ukuta bila kuuona. Kumbe muda wote huo alikuwa ananiambia.

Kila mtoto ana pazia lake. Mmoja ananyamaza ghafla katikati ya mchezo. Mwingine anajishika, au anasimama kwa vidole. Mwingine anakuja kukulalia mapajani bila sababu. Mkojo dalili zake ni fupi, wakati mwingine sekunde tu. Haja kubwa ina dalili ndefu, ndiyo maana naanza nayo.

Hatua ya 3: Neno moja, alama moja, nyumba nzima

Bibi anasema "susu", dada anasema "kojo", mama anasema "twende chooni". Mtoto asiyeongea atajua ni kitu kimoja hicho? Kaeni mkubaliane. Mimi natumia "kojo" na "pupu", na alama ya mkono: kupiga tumbo mara mbili chini ya kitovu. Iwe ni kitu ambacho vidole vyake vinaweza.

Ukiona dalili, sema neno, piga tumbo lako, piga lake, halafu poti. Kila mara. Usimuulize "unataka kojo?", maana atatikisa kichwa kukataa hata kama kibofu kimejaa. Mwambie tu: "Kojo. Twende."

Babu alichukua siku tisa. Siku ya tisa napika, nikahisi mtu ananipiga tumboni. Amekuja kupiga tumbo langu badala ya lake. Niliacha vitunguu viungue.

Hatua ya 4: Poti na nguo

Poti ya plastiki ya sokoni inatosha. Chagua yenye kitako kipana isipinduke, na miguu ya mtoto ifike chini, kwa sababu mtoto anayening'inia hawezi kusukuma. Iweke pale anapocheza, si chooni. Siku mbili za kwanza akae na nguo zake, amkalishe na mdoli akitaka. Wavulana nao waanze kwa kukaa. Kidudu kielekee chini, la sivyo utapiga deki.

Nguo ziwe kaptura au sketi ya mpira kiunoni. Jinzi yenye vifungo iache kabatini.

Hatua ya 5: Vua pampasi

Vua asubuhi na usirudishe mpaka wakati wa kulala. Kumvalisha na kumvua kila ukichoka kunamchanganya. Kunja zulia, tandika mkeka unaofutika.

Mkalishe akiamka, kabla ya kuoga, na dakika 20 hadi 30 baada ya kula, maana chakula kikiingia tumboni utumbo nao huamka. Kaa naye chini, toa ile "shuu". Dakika tatu hadi tano zinatosha. Hakuna kitu? Inuka, endeleeni na mambo yenu. Usimfungie pale kwa katuni ya nusu saa, atajifunza katuni.

Kikitoka, piga makofi, taja neno, onyesha alama, mkimwage pamoja chooni apunge mkono wa kwaheri. Wasichana wafutwe kutoka mbele kwenda nyuma. Kisha mikono yenu wote wawili, kwa sabuni. Kuna watu wanasema kinyesi cha mtoto hakina kitu, wanakitupa mtaroni. Si kweli, vijidudu vya kuhara vimo mle kama vya mtu mzima.

Hatua ya 6: Akijichafua

Sema "kojo inakaa kwenye poti", mpe kitambaa afute nawe, basi. Sauti ya kawaida.

Nasema hivi kwa sababu mimi nilikosea. Wiki ya pili Babu alirudi nyuma ya pazia akamaliza huko, na mimi siku hiyo nilikuwa na homa, nikamfokea. Hakulia. Alichofanya ni kubana. Siku nne hakupata choo, na cha siku ya tano kilikuwa kigumu, kilitoka kwa kilio. Na mtoto aliyeumia mara moja hubana zaidi, kinazidi kukauka, na kesho kinauma zaidi. Ilinibidi nirudishe pampasi, nimpe papai, maji na mboga za majani kwa wiki mbili mpaka choo kikalainika, ndipo tukaanza upya kama hatujawahi kuanza. Kikiwa na damu, au siku zikizidi hata baada ya papai, hiyo ni ya daktari.

Hatua ya 7: Choo cha wakubwa na usiku

Choo cha shimo kisimhusu bado. Tundu ni kubwa, anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Abaki na poti hadi awe mkubwa vya kutosha, na hata hapo asiingie peke yake.

Usiku ni somo lingine kabisa. Mwili wenyewe ndio hupunguza mkojo usiku, na hilo huja kwa wakati wake. Mtoto wa miaka minne anayelowesha kitanda hana tatizo. Mkojoze kabla ya kulala, tandika mpira chini ya shuka, na weka shuka la pili tayari juu ya kiti ili saa tisa usiku usianze kutafuta taa.