Mbawakawa askari kwenye maua: jinsi ya kumjua kabla hujamponda

Kama uko Marekani upande wa mashariki, Agosti mpaka Septemba pita kwenye yale maua ya njano ya porini wenyewe wanayaita goldenrod, utakuta yamejaa wadudu wa rangi ya chungwa, wengi wamepandana wawili wawili na ukisogea wala hawajali. Sisi tuliokua tunaogopa nairobi flai tukiona mdudu mwembamba wa chungwa na nyeusi mkono unaenda kwenye ndala moja kwa moja, ila huyu hana shida na mtu. Ni mbawakawa askari, kitaalamu Chauliognathus pensylvanicus.

Ana sentimita moja hivi, antena ndefu nyeusi, na kila bawa la juu lina doa jeusi kwa nyuma. Madoa usiyaamini sana lakini, kuna wengine limetanda karibu bawa zima na wengine kadoa tu. Angalia kichwa, ni cheusi chote, alafu ile ngao nyuma ya kichwa, ni pana kuliko urefu wake na ina doa jeusi lililolala kwa upana. Ukimkuta mwezi wa sita, doa la ngao limekaa kama mstari wa kwenda chini na kichwa kina uchungwa, huyo ni ndugu yake, Chauliognathus marginatus.

Sasa wanaochanganya watu. Kimulimuli ukimwangalia kwa juu kichwa hukioni, kimejificha chini ya ngao, askari kichwa kiko nje kabisa. Wa kuogopa ni mbawakawa wa malengelenge, maana yupo mweusi tii anakaa kwenye goldenrod hizohizo, yani ua moja, na ana majimaji yenye sumu inaitwa kantharidini, ikigusa ngozi inababuka. Yeye kichwa kipana alafu shingo imebanwa kama imefungwa uzi. Kwaiyo shingo kwanza, mkono baadaye, mi huwa napiga picha kwa juu na simu alafu naikuza.

Ukishahakikisha ni askari mshike tu, mbawa zake ni laini kama ngozi, zinabonyea, siyo gamba gumu kama mbawakawa wengine. Akitoa kamaji keupe ni kujihami, nawa mikono yaishe. Na watoto wake wako kwenye udongo wanakula wadudu wadogo, ukiwapulizia dawa umejikomoa mwenyewe.

Kingine, nenda asubuhi na mapema. Unaweza kumkuta mmoja ameng'ata ua, mbawa zimefunguka, hasogei hata umpulize. Huyo kafa, kuna fangasi inaitwa Eryniopsis lampyridarum inamfanya aume ua afie hapohapo, na usiku maiti inafungua mbawa ili spora, yani vimbegu vya hiyo fangasi, zitoke tumboni ziwapate wenzake. Wa kwanza kumwona nilijua anaota jua, nikampiga picha kama sita nzima nikisifia anavyotulia.