Wiki mbili za kupanda miamba Rasi ya Magharibi: jinsi ya kuchagua vituo

Wengi huchagua kituo kwa kutazama video ya mwamba mgumu kuliko wote, kisha wanakata tiketi. Wakifika wanakuta mvua, au jua linalochoma mikono, au njia zote ziko juu ya uwezo wao. Mfano wetu hapa ni Afrika Kusini kati ya Juni na Agosti, wiki mbili, gari moja la kukodi kutoka Cape Town: Rocklands kwa mawe ya kupanda bila kamba (bolda), Montagu kwa kuta ndefu zenye bolti (vyuma vilivyopigiliwa mwambani vya kushika kamba).

Hatua ya 1: Anza na mvua

Rasi ya Magharibi, mkoa wa Afrika Kusini wenye Cape Town, hupata mvua zake majira ya baridi, kinyume na bara la ndani. Ndiyo, msimu wa Rocklands ndio msimu wa mvua, kwa sababu kiangazi chake ni joto lisilopandika. Basi usitafute wiki isiyo na mvua. Tafuta kituo cha pili cha kukimbilia. Mawingu huingia kutoka baharini upande wa magharibi na kumwaga mvua kwenye milima. Montagu iko nyuma ya safu ya Langeberg, kwenye ukame wa Karoo Ndogo, kwa hiyo mara nyingi hubaki pakavu milima ya Cederberg, iliko Rocklands, inapolowa. Kuhama kutoka kimoja hadi kingine kunakula nusu siku, basi tazama utabiri wa siku tatu na uondoke kabla mvua haijafika.

Waterval Boven (siku hizi Emgwenya), mashariki ya Johannesburg, ina njia nyingi za bolti na huwa kavu miezi hiyo. Ila ni safari nyingine kabisa: Cape Town hadi Johannesburg peke yake ni takriban kilomita 1,400.

Hatua ya 2: Soma jua kabla ya kusoma majina ya njia

Aliyezoea Lukenya au Hell's Gate huko Kenya, karibu na ikweta, hukosea hapa. Mwezi Juni, Clanwilliam, mji ulio karibu na Rocklands, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na halipandi zaidi ya nyuzi 34 hivi. Ukuta unaotazama kusini hauoni jua kutwa nzima. Unaotazama kaskazini unapigwa tangu asubuhi hadi jioni. Mwamba wa baridi na mkavu hushika vidole vizuri zaidi, kwa sababu mikono haitoi jasho. Kwa majaribio magumu tafuta kivuli, kwa kupasha mwili moto tafuta jua. Mchana ni wa saa kumi hivi tu: jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, na kufikia saa kumi na mbili jioni jua limeshazama. Usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri, kwa hiyo beba blanketi la maana.

Hatua ya 3: Linganisha madaraja ya ugumu

Hili huumiza watu kuliko yote. Njia za kamba Afrika Kusini hupewa namba tupu: 18 au 19 hukaribia 6a ya mfumo wa Kifaransa, 23 au 24 hukaribia 7a. Mawe ya Rocklands hupewa daraja la Fontainebleau, mfumo wa kupima ugumu wa mawe, lenye herufi kubwa, na 6A ya jiwe ni ngumu kuliko 6a ya kamba kwa mbali. Anayepanda 6a kwa kamba aanze na mawe ya 4 na 5. Usichague eneo ambalo lina mawe mawili tu ya daraja lako. Hesabu angalau kumi, la sivyo siku ya pili utakuwa mtazamaji. Montagu, wanaoanza waende kwenye mwamba uitwao Legoland.

Hatua ya 4: Vibali

Rocklands si ardhi ya mwenyewe mmoja. Sehemu iko chini ya CapeNature, taasisi ya uhifadhi ya mkoa, sehemu ni mashamba binafsi kama De Pakhuys na Traveller's Rest. Kibali cha mmoja hakikufai kwa mwingine. Andika orodha ya maeneo unayotaka, kisha uliza kila moja ni la nani na bei ya siku ni ngapi. Penye michoro ya kale ya Wasan, wenyeji wa kale wa eneo hilo, hapapandwi wala hapatiwi chaki (unga wa kukausha mikono), hata kama jiwe la jirani linatamanisha.

Hatua ya 5: Vifaa

Magodoro ya kuangukia usiyabebe kwenye ndege. Yanakodishwa kulekule Rocklands. Watu wawili wachukue matatu. Yabananishe, kwani vifundo vya miguu huteguka kwenye upenyo kati ya godoro na godoro. Pima pia buti la gari: watu wanne na magodoro matatu hawaenei kwenye gari dogo.

Kwa Montagu beba kamba ya mita 70, jozi 14 za karabina zenye utepe (za kuunganisha kamba na bolti), na kofia ngumu. Kamba ya mita 60 inatosha kwa njia isiyozidi mita 30, basi. Funga fundo kwenye ncha ya chini kila mara. Bila fundo, kamba ikiwa fupi huponyoka kwenye kifaa cha mshika kamba na mpandaji anafika chini kwa kishindo.

Hatua ya 6: Gawa siku

Siku nane Rocklands, nne Montagu, mbili za barabara. Panda siku mbili, pumzika moja; mchanga uliogandamana kuwa jiwe hukwaruza ngozi ya vidole, na ngozi ndiyo huisha kabla ya misuli. Nunua chakula na ujaze mafuta Clanwilliam, kabla ya kupanda Pakhuis Pass, barabara ya mlimani iendayo Rocklands. Mvua ikinyesha, acha upepo na jua vifanye kazi siku nzima: vibanzi vyembamba vya mwamba huvunjika vikiwa na maji ndani ingawa juu vimekauka.

Madirisha ya gari yafungwe hata ukienda hatua kumi. Nyani wa huko wanajua mfuko wa mkate unakaa wapi.