Kusanifu kanga kwa kompyuta: anza na pindo, mji utafuata

Wabunifu wengi waliozoea nembo na mabango huanzia katikati. Wanachora ua kubwa, wanalipamba mpaka wanaridhika, halafu pindo wanalizungushia mwishoni kama fremu ya picha. Mimi nashauri uanzie nje uje ndani. Kanga ni vazi: ikishafungwa, mji, yaani uwanja wa katikati, unajikunja na sehemu kubwa yake haionekani. Kinachosomeka mtu akipita ni pindo la chini na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga.

Natumia Inkscape. Ni programu ya bure, na michoro yake ya vekta inakuzwa bila kupoteza ukali.

1. Vipimo

Kabla hujachora chochote, uliza kiwanda upana wa kitambaa chao. Kanga nyingi zinakaribia sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo tutatumia hizo. Kumbuka kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana. Acha nafasi kati yake ya kukata na kupinda.

2. Pindo na kona

Hapa ndipo penye kazi. Chukua pindo la sentimita 15 pande zote. Ukitoa sentimita 30 kwenye 150 unabaki na 120. Ukitoa 30 kwenye 110 unabaki na 80. Pambo lako linalojirudia lazima ligawanye 120 na 80 bila baki. Pambo la sentimita 10 linakaa mara 12 kwa urefu na mara 8 kwa upana. La sentimita 8 linakaa mara 15 na mara 10. La 12 linakaa vizuri kwa urefu, mara 10, ila kwa upana linakatika katikati, na jicho la mnunuzi litaliona hata kama hajui kilichomkera.

Kona ichore peke yake, ndani ya mraba wa 15 kwa 15. Usiukunje tu mstari wa mapambo ukadhani utajipanga. Pambo la korosho, lile lililopinda mkia, linafaa sana hapa kwa sababu linageuka nyuzi 90 bila kulazimishwa. Ukishapata kona moja, igeuze kwa zile tatu nyingine.

Wapo wanaopenda mapindo ya ubavuni yawe mapana kuliko ya juu na chini. Ni sawa, ila rudia hesabu.

3. Jina

Zamani majina yaliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Herufi za Kirumi zilishika nafasi hiyo baadaye, na leo mazoea ni herufi kubwa, nene, ndani ya kisanduku juu ya pindo la chini. Tuseme jina ni AKUFAAYE KWA DHIKI NDIYE RAFIKI. Pamoja na nafasi ni alama 31. Kisanduku cha sentimita 90 kinaipa kila alama kama sentimita 2.9, basi urefu wa herufi wa sentimita 4 unatosha. Jina likizidi hapo, lifupishe. Usiibane fonti. Na hizi fonti za mwandiko zenye mikia, ambazo siku hizi zimejaa, waachie wa kadi za harusi.

4. Mji

Pambo moja kubwa katikati, au madogo yaliyotawanywa. Ukitaka sura ya mtu, kama zile kanga za Obama za 2008, igeuze picha iwe na toni tatu bapa kwanza.

5. Rangi

Uchapaji wa digitali unaruhusu rangi zozote, lakini kwa uchapaji wa skrini, yaani wavu unaopitisha rangi, kila rangi ni skrini yake na gharama yake. Panga rangi tatu juu ya weupe wa kitambaa, kila moja kwenye leya (tabaka la mchoro) yake. Kisha panua rangi hafifu milimita 1 au 2 iingie chini ya nyeusi. Skrini zikisogea kidogo, na zitasogea, hautabaki mstari mweupe kati ya rangi mbili.

6. Jaribio

Punguza mchoro mara tano, uwe sentimita 30 kwa 22, uuchape kwenye karatasi ya A3 na uuzungushie chupa ya maji ya nusu lita. Simama mbali. Jina linasomeka? Limeangukia nyuma au limefichwa na mkunjo? Sogeza kisanduku mpaka kikae sawa. Kwenye skrini ya kompyuta hutaliona tatizo hili kamwe.

7. Kupeleka kiwandani

Geuza maandishi yote kuwa michoro ili fonti isibadilike kwenye mashine yao, na uzipe leya majina ya rangi. Weka alama yako pembeni mwa kitambaa. Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka la tangu 1887, anatambulika mpaka leo kwa "Mali ya Abdulla", na miundo inaibwa kila siku. Mwisho omba kipande cha majaribio. Kifue kwa sabuni, kianike juani, kifue tena. Nyekundu ikichuja ikaingia kwenye nyeupe, kirudishe kabla hawajachapa doti hata moja.