Mpiganaji au mnyatiaji? Soma hii kabla hujabonyeza kitufe cha kuanza

Kila anayeanza gemu za fantasia anafika hapa, skrini ya kuunda mhusika, upande huu mpiganaji, jamaa wa deraya na upanga mkubwa, upande ule mnyatiaji, jamaa aliyejifunika uso ana visu viwili, na swali la kwanza linalokuja kichwani ni nani anapiga zaidi. Hilo swali achana nalo. Namba za kipigo watengenezaji wanazigusa kila wanapotoa toleo jipya, leo huyu yuko juu kesho yule, ukichagua kwa hiyo utakuwa unahama hama tu. Mi naulizaga hivi: mambo yakiharibika katikati ya pambano, unapenda kubaki mpaka mmoja aanguke au unapenda kusepa urudi baadae? Ukijijibu kwa ukweli, kazi imebaki ndogo.

Tuchukue World of Warcraft, ile gemu ya mtandaoni, maana wengi mnaijua, ipo tangu 2004. Angalia ule mstari mdogo chini ya mstari wa damu. Kwa mpiganaji ni mwekundu, ni hasira, na anaanza nayo sifuri. Inaingia akipiga na akipigwa, inajaa mpaka 100, vita ikiisha inaanza kuvuja yenyewe. Kwa mnyatiaji mstari ni wa njano, ni nguvu, anaingia vitani nazo 100 kamili, akizitumia zinarudi kama 10 kila sekunde, apigwe asipigwe. Unaweza kuona ni kitu kidogo lakini hapo ndo tabia yote ya klasi, yani aina ya mhusika, imekaa. Mpiganaji anachukia kusubiri, kila akisimama kula apone anarudi mikono mitupu, kwahiyo anataka adui wa pili akiwa bado anamalizana na wa kwanza. Mnyatiaji anasubiri na kusubiri kunamlipa, anapiga mara mbili tatu, anavuta pumzi, mstari unajaa, anaendelea, na katikati ya hayo anakusanya pointi za kombo zikifika 5 anazimwaga zote kwenye pigo moja la kumalizia. Ila kwenye Classic, lile toleo linalochezwa kama gemu ilivyokuwa zamani, angalizo, zile pointi zinakaa kwa adui uliyekuwa unampiga, ukihamia kwa mwingine kabla hujazitumia ndo zimeenda hivo.

Sasa chukua hali ya kawaida kabisa. Umevamia jambazi mmoja msituni, damu yake imekaribia kuisha, anageuka anakimbia, na huko anakokimbilia anakuja na wenzake wawili. Mnyatiaji hapa ana majibu mengi mpaka raha: anaongeza kukwepa mapigo kwa sekunde kadhaa amalize mmoja, au anawasha mbio, au akiona hesabu haziendi anapotea machoni mwao kabisa wanabaki wanashangaa. Mpiganaji wa Classic hana huo mlango. Ule mruko wake maarufu wa kumvamia adui unampeleka ndani ya vita, haumtoi, na vita ikishaanza hata haubonyezeki. Ndo maana mpiganaji anayejua kazi yake anamkata adui mguu mapema, akiona tu damu imeshuka shuka anabonyeza lile pigo la kumpunguza mwendo, jambazi anakimbia kwa kujikokota na hafiki kwa wenzake. Yani mpiganaji anazuia tatizo lisitokee, mnyatiaji likitokea analikimbia. Kama wewe ni wa kubonyeza kwanza ukawaza baadae, mnyatiaji atakuvumilia, mpiganaji hapana. Na kwenye zile seva za Hardcore zilizofunguliwa 2023, ambazo ukifa mara moja mhusika ndo basi, hiyo tofauti inauma kweli kweli.

Ila ukiwa na timu mambo yanageuka. Kundi la kawaida la kuingia mapangoni ni watu 5, mmoja wa kukinga, yani anapigwa yeye ili wengine wasipigwe, mmoja wa kuponya, watatu wa kupiga. Mpiganaji akishika ngao anaweza kuwa yule wa kukinga, na wakingaji ni adimu siku zote, kwahiyo ukisema tu "nakinga" meseji zinamiminika. Mnyatiaji anapiga, basi, hana kazi ya pili, na wapigaji wamejaa kila kona. Ukiwa mtu wa kucheza nusu saa kabla ya kulala hili lifikirie sana, maana unaweza kumaliza huo muda wote unatafuta kundi.

Lakini kukinga kuna gharama yake. Njia ya pangoni inabidi uijue wewe, maadui uwakusanye wewe, na kundi zima likifa wa kwanza kuulizwa ni wewe hata kama mponyaji alikuwa amesinzia. Kuna watu wanapenda hiyo nafasi, wanataka kuongoza. Kama hutaki kelele kaa na visu vyako nyuma ya mgongo wa bosi, yani yule adui mkubwa wa pangoni, huko hakuna anayekuuliza kitu ilimradi husimami kwenye moto.

Kingine ni vifaa. Mpiganaji bila silaha nzuri ni mateso, kipigo chake kinategemea sana namba za silaha aliyoshika na deraya zile nzito za bamba kwenye Classic hazivai mpaka leveli 40. Mnyatiaji naye anahitaji silaha nzuri usidanganywe, ila hata akiwa na vifaa vya kawaida bado ana zile hila zake. Akiwa na njaa ya hela pia anachomoa mifukoni mwa maadui na kufungua masanduku yaliyofungwa, ambayo binafsi naona ndo raha nusu ya klasi nzima.

Kwa wale wa Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani ya dadu, au gemu ya kompyuta ya Baldur's Gate 3 ambayo inafuata kanuni zake, hesabu ni tofauti kidogo. Watu wanadhani mpiganaji ana damu mara mbili ya mnyatiaji. Kwa kanuni za 2014, bila kuhesabu bonasi ya uimara wa mwili, mpiganaji wa leveli 10 akichukua wastani wa dadu ana damu 64 na mnyatiaji ana 53, tofauti ni 11 tu. Kinachomlinda mpiganaji ni chuma, yani namba ya kinga ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ndo pigo liingie: deraya ya bamba inampa 18, akiongeza ngao 20, wakati mnyatiaji wa deraya ya ngozi mwenye wepesi mzuri anagota 16 au 17. Kwenye dadu ya pande 20 kila pointi ni asilimia 5 ya mapigo yanayokukosa, kwahiyo piga hesabu mwenyewe. Mnyatiaji kwa upande wake ana pigo la kuvizia mara moja kwa zamu, linataka awe na upendeleo (anarusha dadu mbili anachukua kubwa) au mwenzake awe amesimama karibu na adui, kwahiyo akiwa peke yake na hajajificha anabaki mtu wa kawaida tu. Akikosa lile pigo zamu imeenda. Mpiganaji kuanzia leveli 5 anapiga mara mbili, 11 mara tatu, akikosa moja kuna lingine.

Kujaribu ndo bora kuliko kusoma. Kwenye Baldur's Gate 3 ni rahisi, kuna mhusika wa ndani ya gemu anaitwa Withers, anakubadilishia klasi kwa dhahabu 100 tu, cheza mmoja sehemu ya kwanza alafu badilisha uone. World of Warcraft haina hiyo, mhusika akishazaliwa mpiganaji atakufa mpiganaji, kwahiyo tengeneza wote wawili na uwapandishe sambamba. Usihukumu mapema, mnyatiaji wa Classic ule ujuzi wa kupotea anaupata leveli 22, kabla ya hapo unacheza nusu mtu, na mpiganaji leveli za mwanzo ni mzito mpaka unaweza kumchukia bure. Wafikishe wote kwenye ishirini na kitu, alafu angalia yupi unamfungua kwanza ukiwasha kompyuta bila hata kufikiria. Huyo mwingine muache awe wa kuhifadhia mizigo.